Jembe la Mgeni Liko Wapi?

Tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya yake By the Sea imekuwa ikitajwa kila mahali kama riwaya ya mkimbizi. Si uongo. Mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine na kasha la udi, na ofisa wa uhamiaji analichukua lile kasha. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa wasomaji wengi. Lakini hebu isome tena ukiwa Mji wa Kale, Mombasa, ambako karibu kila ukoo una kesi moja ya nyumba isiyokwisha. Kasha la udi ni kionjo tu. Chakula chenyewe ni nyumba.

Kumbuka hadithi ilivyo. Nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud, kule Zanzibar, imewekwa rehani kwa mfanyabiashara wa kutoka Bahrain aitwaye Hussein. Hussein naye anaitumia hati ile ile kukopa pesa kwa Saleh Omar, kisha anaondoka na upepo wa msimu na harudi. Saleh Omar anadai nyumba, anaipata, na watu wa Rajab Shaaban wanatolewa nje. Miaka inapita. Siku Saleh Omar mwenyewe anapoukimbia mji, anasafiri kwa jina la nani? La Rajab Shaaban. Na huko Uingereza, mtu anayetafutwa ili awe mkalimani wake ni Latif Mahmud, mhadhiri wa fasihi, mtoto wa nyumba ile ile.

Gurnah angeweza kutupa mkimbizi msafi, wa kuhurumiwa tu. Ametupa mkimbizi ambaye kabla ya kukosa pa kuishi aliwahi kuwakosesha wengine. Ndiyo maana mimi naamini riwaya hii inatuhusu sisi watu wa Mombasa zaidi kuliko inavyowahusu Waingereza, ingawa Mombasa si mji wake.

Maana fasihi ya wakimbizi tunayoisoma na kuisifu imekaa sana uwanja wa ndege. Mkimbizi anaondoka, mkimbizi anafika, ofisa anagonga muhuri au anakataa. Sisi wa kisiwa hiki vita vya ng'ambo havitufikii kwa njia hiyo. Vinatufikia kupitia mlango wa chumba: nani amepanga, analipa ngapi, na kodi ikipanda nani atalaumiwa. Hapo waandishi wetu wameacha pengo. Wanasiasa wameliona, wamelijaza, na hadithi waliyoijazia ni mbovu.

Nianze na mwaka 1991, kwa sababu wengi wetu tunaosoma jarida hili tulizaliwa baadaye na tumeupata mwaka huo kwa vipande vipande. Januari ya mwaka huo Siad Barre aliikimbia Mogadishu. Dola ya Somalia ikavunjika, na miji ya pwani yake, Barawa ikiwemo, ikaporwa na wanamgambo wa huyu na wa yule. Watu wakapanda mashua wakaja kusini. Wako waliozama njiani. Waliofika waliwekwa kwenye kambi ndani na pembezoni mwa Mombasa: Utange, Hatimy, Benadir, Swaleh Nguru, Jomvu. Ukiyataja majina hayo leo kwa kijana wa miaka ishirini, atadhani ni vituo vya matatu. Kabla ya muongo ule kwisha, kambi hizo zilikuwa zimefungwa. Watu walirudishwa kwao, au walipelekwa Dadaab na Kakuma, au walipata nchi za mbali za kuwapokea. Na wengine, kimya kimya, waliingia mtaani wakapanga chumba.

Hawa wa mwisho ndio ninaowatafuta vitabuni na siwaoni.

Na si kwamba walikuwa wageni kabisa. Watu wa Barawa wana lugha yao, Chimiini, ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Jina lenyewe lina asili moja na neno letu "mjini", yaani lugha ya mjini, kama vile sisi tunavyosema Kimvita kwa jina la mji wetu. Barawa ilikuwa na washairi wakati Mombasa ina washairi. Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, bado anakumbukwa kwa tungo zake za dini, na mwaka 2018 ulichapishwa mkusanyiko mkubwa wa tungo za Barawa kuanzia miaka ya 1890 hadi 1975. Upande wa kaskazini wa Lamu kuna Wabajuni, ambao mpaka wa Kenya na Somalia umewakata katikati kama mtu anavyokata mkate: visiwa vingine huku, vingine kule, watu ni wale wale. Kwa hivyo mashua zilipotia nanga hapa, baadhi ya walioshuka walikuwa wakiongea lugha ambayo bibi wa Kibokoni angeielewa nusu na kuikisia nusu nyingine.

Mwandishi mmoja mkubwa alikuja kuwasikiliza. Nuruddin Farah, katika kitabu chake Yesterday, Tomorrow kilichotoka mwaka 2000, alikusanya sauti za Wasomali waliotawanyika Kenya, Italia, Uswidi, Uswisi na Uingereza. Mwanzoni mwa kitabu tuko hapa hapa Mombasa, na baadhi ya waliokimbia ni watu wa nyumba yake mwenyewe. Ni kitabu kigumu, kisichobembeleza mtu. Wanaozungumza wanabishana kuhusu nani aliiua nchi yao, na Farah hawaachii wapite bila maswali.

Kazi aliyojipa Farah ilikuwa kuwasikiliza Wasomali, na ameifanya vizuri. Lakini nikikisoma kama mtu wa hapa, naona Mombasa imekuwa chumba cha kungojea tu. Wageni wanaongea, wenyeji wapo nje ya ukurasa. Mwenye nyumba yuko wapi? Jirani wa mlango wa pili, anayesikia ugomvi na kicheko kupitia ukuta, anasema nini? Hilo halikuwa deni la Farah. Lilikuwa deni letu, na hatujalilipa.

Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu ya mtaa kuhusu miaka ile imebaki kwenye sentensi moja. Umeisikia. Nami niliisikia utotoni Majengo, kwa mamangu na kwa wanawake wenzake wakichambua mchele uani: "Wasomali wamepandisha kodi."

Kabla hujakasirika na mamangu, ielewe nyumba aliyokuwa akiishi. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina ujia katikati, vyumba huku na huku, na uani choo na jiko la wote. Kila chumba familia. Mara nyingi aliyejenga nyumba si mwenye ardhi: yeye analipa kodi ya ardhi kwa tajiri ambaye huenda hajaonekana tangu babu yake, na sisi tunamlipa yeye kodi ya chumba. Mpangaji yuko chini kabisa ya ngazi hiyo. Sheria ya kudhibiti kodi ipo, inamlinda anayelipa shilingi 2,500 kwa mwezi au chini ya hapo, lakini soko lilikipita kiwango hicho kitambo, na hata kilipokuwa na maana ni wapangaji wangapi wa Majengo waliowahi kufika kwenye baraza la kodi? Sasa aje mtu mwenye jamaa Toronto au Jeddah anayemtumia dola kwa hawala, awe tayari kulipa miezi mitatu mbele. Mwenye nyumba atamchagua nani? Mamangu alihamishwa chumba mara mbili. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli, kama njaa ilivyo ya kweli.

Ila kazi ya uhakiki ni kusoma sentensi, basi tuisome hii. "Wasomali wamepandisha kodi." Kitenzi hicho ni cha kusababisha: mtu fulani ameifanya kodi ipande. Mtendaji ni nani? Sentensi inasema ni mpangaji mpya. Lakini mpangaji hana uwezo huo hata akitaka. Hakuna mpangaji duniani aliyewahi kuamka asubuhi akajiongezea kodi. Anayepandisha ni mwenye nyumba, na katika sentensi hiyo yeye hayumo, ametoka kwa mlango wa nyuma na daftari lake kwapani. Lipo toleo la pili, la upole: "Kodi imepanda." Hapo hata Msomali ametoka, kodi imepanda yenyewe kama mkwezi anavyopanda mnazi. Matoleo yote mawili yanamficha mtu mmoja.

Nataka msomaji aone kwamba hili si suala la sarufi tu. Sentensi yenye mtendaji wa uongo ni mali ya thamani sana kwa mwanasiasa. Anaikuta mtaani tayari imeshapikwa, anaipakua na kutuandalia.

Tazama historia ya nchi. Novemba 1989, kabla hata Mogadishu haijaanguka, serikali ya Kenya iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wapite mchujo na kubeba kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba ni raia. Vita vilikuwa vya jirani, kadi ikawa ya raia wetu. Agosti 1997 ikaja Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, na siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa, zaidi ya watu mia wakauawa, maelfu wakakimbia. Waliokimbia hawakutoka ng'ambo yoyote, walikuwa Wakenya wa kutoka Nyanza, Ukambani, Kati. Lakini isikilize sentensi iliyowafukuza: wageni wamechukua nyumba, wageni wamechukua kazi. Ni ile ile, imebadilishwa kiima. Wakati ule uchaguzi mkuu ulikuwa miezi minne mbele, na Likoni ilikuwa na wapiga kura wengi wa bara. Mwenye kufaidika na sentensi alikuwa hayumo ndani yake, kama kawaida.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya likaingia Somalia. Tulitazama kwenye runinga, vifaru na vumbi, na kwa muda tulidhani vita viko kule. Agosti 27, 2012 Sheikh Aboud Rogo akapigwa risasi barabarani Mombasa, mbele ya familia yake, na mji ukawaka. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini waende Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo kwa kuwa inavunja utu na haki za watu. Septemba ikaja Westgate. Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch ikawajaza watu uwanja wa Kasarani, Nairobi, na misako ikafika mpaka huku kwetu.

Katikati ya hayo yote lilirudi neno moja tulilolijua kutoka Tanzania: Nyumba Kumi. Wazo ni kwamba majirani wa nyumba kumi wajuane, wamfahamu mpangaji mpya, na wapeleke habari kwa mzee wa mtaa na chifu. Wengi walilipokea bila neno. Lakini likae kidogo ulimini mwako. Nyumba, ambayo kwa mila yetu ni sitara, ndipo mtu anapofichwa aibu yake, sasa imekuwa kipimo cha usalama, kumi kumi, kama vibiriti kwenye pakiti. Mwenye nyumba ambaye jana alikuwa akificha jina lake kwenye sentensi ya kodi, leo amepewa kazi ya kuuliza kipande. Vita vya Kismayu vilimfanya askari bila sare. Nani ameliandika hilo? Ni riwaya gani ya Kiswahili imemuweka mwenye nyumba huyo mlangoni, na mpangaji upande wa pili, na mkono wa mpangaji ukiwa mfukoni unatafuta karatasi?

Mimi sijakutana nayo. Nimekutana na mashairi ya bahari, mengi. Nimekutana na majahazi, karafuu, milango ya nakshi. Khadija Abdalla Bajaber, mtoto wa Mombasa, alituonyesha mwaka 2021 katika The House of Rust kwamba mji huu unaweza kuandikwa kutoka ndani, na bibi mkali, paka anayeongea, na msichana anayeingia baharini kumtafuta babake. Kitabu kile nakipenda kwa sababu nyumba ndani yake ina uzito, kuingia na kutoka kuna gharama. Aliandika kwa Kiingereza, na ni haki yake. Kwa Kiswahili bado tunaipaka rangi ile milango, wala hatuulizi nani analala nyuma yake.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili chetu kinasomwa kwa makini kuliko gazeti lolote la fasihi linavyokisoma, na hapo ndipo panaponitisha. Ni ofisi za uhamiaji za Ulaya. Mtu akiomba hifadhi Uingereza akasema yeye ni Mbajuni au Mbarawa wa Somalia, huenda akarekodiwa akiongea, na rekodi ikapelekwa kwa kampuni ya uchambuzi wa lugha. Mchambuzi anasikiliza vokali, msamiati, lafudhi, kisha anaandika: huyu ni wa Somalia, au huyu ni wa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishughulikia kesi ya waombaji wawili waliojitambulisha kuwa Wasomali huku ripoti za lugha zikiwahesabu kuwa wa Kenya, na mahakama ikaonya kwamba mtaalamu wa lugha aseme ya lugha, asivuke kwenda kuhukumu yasiyo ya fani yake.

Fikiria basi msichana aliyefika Mombasa mwaka 1991 akiwa na miaka mitano, akakulia kwenye chumba cha kupanga Mji wa Kale, akacheza kobole na watoto wa Kimvita, akasoma chuoni nao, kisha akafika London akiwa na miaka kumi na saba. Ataongea vipi? Ataongea kama sisi. Mombasa ilimpa lafudhi na haikumpa kipande. Sasa ile lafudhi, zawadi pekee tuliyompa, inawekwa mezani kuwa ushahidi kwamba anadanganya. Kule kwa Gurnah, Saleh Omar anajifanya hajui Kiingereza, na mhadhiri anatafutwa aje kumfasiria. Katika maisha halisi mhadhiri anaweza kukaa upande wa pili wa meza. Kwa hivyo mtu akiniambia uhakiki wa lugha ni kazi ya watu wenye muda wa kupoteza, namwambia kuna uhakiki ambao aya yake ya mwisho ni tikiti ya ndege ya kurudishwa.

Najua litakalosemwa: Waswahili ni watu wakarimu, tumepokea watu tangu enzi. Wallahi tumepokea. Lakini hata sifa hiyo tuisome polepole. Januari 1964, mapinduzi ya Zanzibar yalipompindua Sultani Jamshid, alipanda merikebu yake akaja Mombasa. Wiki chache kabla, mwambao huu bado ulihesabiwa kuwa milki ya usultani wake, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea Fort Jesus. Serikali mpya ya Kenya ilimkatalia kushuka. Akaenda Dar es Salaam, na kutoka huko Uingereza. Lakini watu wa kawaida waliokimbia kisiwa kile kwa mashua walishuka, wakapokelewa na jamaa, wakapanga, wakaoa, wakaolewa. Na Januari 2001, polisi walipoua waandamanaji Pemba na Unguja, zaidi ya watu elfu mbili walivuka wakaja Shimoni, na wavuvi wa kule wakawa wenyeji wao wa kwanza. Ukarimu upo, basi. Ila tuuangalie unamwendea nani: mwenye jamaa, mwenye ukoo, mwenye mtu wa kumtaja jina. Asiye na mtu wa kumtaja alipelekwa Utange, na Utange ilipofungwa, Dadaab.

Hapo ndipo methali yetu maarufu inapotuhukumu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunapenda kuitumia kumsuta mgeni: umekaa sana, fanya kazi. Lakini isome tena. Amri haikuelekezwa kwa mgeni. "Mpe" ni neno anaoambiwa mwenyeji. Ni yeye anayetakiwa kutafuta jembe, kulitia mpini, kumkabidhi mtu na kumwonyesha pa kulima. Methali inamtaka mwenyeji amtoe mgeni kwenye ugeni ifikapo siku ya tatu.

Sisi tulifanya nini? Kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab mwaka 1991, Hagadera na Dagahaley mwaka uliofuata, zote tatu zikiwa zimekusudiwa watu 90,000 kwa jumla, na ndani yake wamezaliwa watu ambao sasa wana watoto wao. Hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, wala kufanya kazi kama watu wengine. Miaka thelathini tumemweka mgeni kwenye siku ya pili, tukampa chakula cha wafadhili, kisha tukamcheka kwamba anakula tu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeanza kulegeza, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Mwaka huo huo wafadhili wakakata misaada na mgao wa chakula ukapungua kambini. Jembe limetajwa wakati sahani inaondolewa. Na kwa yule aliyepanga chumba Mombasa bila karatasi, mpango huo haujafika hata kizingitini.

Wala usidhani hili linamhusu mkimbizi peke yake. Kijana wa Mji wa Kale, raia kwa vizazi vinne, akienda kuchukua kipande anajua maswali yatakayomngoja kama jina lake limekaa Kiarabu, Kibajuni au Kisomali: cheti cha babake, cha babu, na kama babu hakuzaliwa hospitalini basi tafuta wazee watatu. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini umeondolewa. Tunangoja kuona kama habari hizo zitashuka hadi kwenye kaunta zetu. Mchujo huo ulizaliwa na hofu ya vita vya jirani miongo mingi iliyopita, na umewachuja watu ambao hawajawahi kuiona Somalia hata kwa ndege.

Najua pia pingamizi la pili, hili la waandishi wenzangu. Watasema: unataka riwaya iwe ripoti ya shirika lisilo la kiserikali? Hapana. Ripoti tunazo, na karibu zote zina yule mkimbizi msafi ninayemlalamikia. Ninachotaka ndicho alichokifanya Gurnah kwa Zanzibar na mji wa pwani ya Uingereza: hati ya nyumba mikononi mwa mtu mwenye kosa, na mtu aliyekosewa akija kumsikiliza. Kwenye By the Sea hakuna upande unaotoka na mikono mitupu ya lawama, na bado msomaji anajua kabisa nani aliteswa na dola. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ukurasa mmoja. Wanasiasa hawawezi kuyakalisha pamoja, maana hadithi yao inahitaji mwenye kosa mmoja na awe wa kutoka mbali.

Kwa hivyo anayetafuta cha kuandika, namwachia kazi. Andika riwaya ya chumba kimoja Majengo, kuanzia 1991 hadi 2014. Mtie mamangu ndani yake, na sentensi yake, na haki yake ya kuumia. Mtie mwanamke wa Barawa aliyelipa miezi mitatu mbele kwa bangili za mwisho za mamake. Waweke wote wawili uani, foleni ya choo, Chimiini na Kimvita zikigombana na kuelewana. Usiwafanye malaika. Mmoja amchukulie mwenzake chumba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha, tafadhali, usimsahau mwenye nyumba. Mpe jina, mpe ukoo, mpe deni la kodi ya ardhi analodaiwa yeye mwenyewe, mpe na siku ile mzee wa Nyumba Kumi alipokuja kumuuliza vyumba vyako vina kina nani. Mwache ajibu mwenyewe, kwa kinywa chake, na sisi wasomaji tuwe uani tukimsikia.